Kutoka Sinia la Mwenyeji hadi Sahani ya Gengeni

Mwaka 1331 jahazi alilopanda Ibn Battuta lilitia nanga Mogadishu. Kabla abiria hawajashuka, mashua ndogo zilikuwa zimeshalizunguka, kila moja ikiwa na kijana aliyebeba sahani iliyofunikwa. Kijana alimchagua mfanyabiashara mmoja, akamkabidhi chakula kile na kutangaza kwamba huyu sasa ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakuwa na pengine pa kufikia ila nyumbani kwa kijana yule, isipokuwa kama alikwisha kuuzoea mji na kujulikana. Mwenye nyumba alimlisha, akamlaza, akamuuzia bidhaa zake na kumnunulia za kuondokea. Atakayemnunulia mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara yake ilihesabiwa batili.

Ibn Battuta alikuwa mwanachuoni, kwa hiyo yeye alipelekwa kwa kadhi, na gharama zikawa za sultani. Alivyokula amevieleza kama mtu ambaye bado anavitamani. Wali wa samli umejaa sinia kubwa la mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na embe. Vyote hivyo mara tatu kwa siku. Alistaajabu kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula sawa na kundi zima la watu wa kwao. Kisha akashuka Mombasa, ambako aliwakuta watu wakila zaidi ndizi na samaki, na mwisho Kilwa.

Katika habari yote hiyo hamna nyumba ya kuuza chakula. Mwenye mali hakuihitaji, maana kulishwa kulikuwa ndani ya biashara yenyewe: sahani ile ya kwanza ndiyo iliyofunga mkataba. Hesabu yake ililipwa baadaye, kwenye bei ya nguo na pembe. Ninapowasikia watu wakisema kwamba zamani pwani chakula kilikuwa bure, namkumbuka kijana wa mashuani. Hakuwa mjinga.

Kula kulikuwa pia kipimo cha daraja. Bibi Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa sultani walivyokaa mezani kwa utaratibu wa umri, na jinsi masuria wa baba yake, hata waliopendwa namna gani, hawakula naye meza moja. Kama ndani ya jumba la mfalme mama mzazi hakuweza kukaa alipokaa mwanawe, ni dhahiri kwamba mahali ambapo yeyote mwenye fedha anakaa popote na kuagiza anachotaka pangewashangaza watu wengi wa Unguja ya wakati huo.

Hata hivyo vipo vilivyouzwa njiani. Muuza kahawa alizunguka na dele lake la shaba, mkaa ukiwaka chini, akigonganisha vikombe ili walioko barazani wamsikie. Kahawa ilikuwa chungu, na utamu wake ulitoka kwenye kashata au kipande cha halua. Vitumbua na mikate ilipikwa ndani, na mtoto au mtumwa ndiye aliyetumwa kuvizungusha mitaani, kwa sababu mwanamke wa heshima hakuonekana akiuza. Lakini hivyo vyote vilikuwa vya kuchangamsha mdomo. Kushiba ilikuwa shughuli ya nyumbani.

Misafara ya bara ndiyo iliyoanza kuuvuruga mpango huu. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa wengi wao, walipita kila mwaka kati ya Tabora na Bagamoyo na pembe mabegani. Hao hawakuwa na mwenyeji wa kuwalaki na sahani iliyofunikwa. Walikuwa na posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kubadilishana na chakula vijijini. Penye kambi watu wa kijiji walileta unga, kuku, mihogo na maharage, soko likasimama kwa jioni moja. Wapagazi waligawana makundi ya chungu kimoja, na wanawake waliofuatana na misafara walipikia makundi hayo. Mambo yote ya hoteli za baadaye yalikwishaonekana pale: mtu aliye mbali na kwao, ujira wake, na mwanamke mwenye chungu. Kilichokosekana ni paa, kwani asubuhi kambi ilivunjwa.

Paa lililetwa na reli. Upande wa Waingereza ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Watu hao walitaka ngano, dengu, samli na mchele wao, na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee wa Karachi alitajirika kwa zabuni za kuwapatia watu na chakula chao. Chapati, sambusa na bajia zilikuwa zinajulikana miji ya pwani kabla ya hapo, kwa kuwa Wahindi walikuwa wakifanya biashara huku karne na karne. Reli ilichofanya ni kuzipandisha bara. Nyuma ya mafundi wakaja wenye maduka, na mwenye duka akaona kwamba birika la chai na karai la mafuta mbele ya mlango vinamletea senti ambazo kitambaa hakimletei. Upande wa Wajerumani, reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na duka la chai likaifuata vilevile, kituo kwa kituo. Leo ukimuuliza Mkenya wa Nyeri au Mtanzania wa Singida chakula cha sikukuu, huenda akakutajia chapati bila kufikiri kwamba kuna aliyeileta.

Wazungu walijijengea mahali pao. Hoteli ya Stanley ilianza Nairobi mwaka 1902, Norfolk ikafunguliwa Krismasi ya 1904, na Dar es Salaam Wajerumani walikuwa na Kaiserhof, penye New Africa ya leo. Treni ya abiria kutoka Mombasa ilisimama Voi ili abiria wa madaraja ya juu washuke wale chakula cha jioni. Mwafrika aliingia kwenye nyumba hizo kwa mlango wa jikoni. Humo alijifunza kukaanga viazi, kupika mchuzi mzito wa nyama na kuoka keki, akavaa kofia nyeupe, kisha jioni akarudi mtaani kula kitu kingine kabisa. Kuhusu hoteli hizo vimeandikwa vitabu vingi vya picha nzuri. Zilipokula halaiki za miji hii hapana picha nyingi.

Maana mji wa kikoloni ulijengwa kana kwamba mfanyakazi hana tumbo. Mishahara ilipangwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke, ikidhaniwa kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba kijijini. Alipangiwa kitanda, mara nyingine nafasi ya kitanda tu, katika chumba ambacho hakina jiko. Kenya alibebeshwa pia kipande shingoni. Saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa bandarini au kwenye karakana ya reli. Atapika saa ngapi, na kwenye nini?

Jibu lilitoka kwa wanawake. Katika Pangani na Pumwani za Nairobi, Kariakoo na Ilala za Dar es Salaam, Majengo ya Mombasa, wako waliojenga au kupanga nyumba zao na kuishi kwa kuwapatia wanaume hao kile ambacho serikali ilijifanya hawakihitaji: uji wa asubuhi, chai, maandazi, ugali na maharage, maji ya kuoga, na penginepo mambo mengine. Hoteli ya mtaani ikakua hapohapo. Mbao mbili za kukalia, meza, kabati la wavu la kuzuia nzi, chai ya maziwa iliyochemshwa na sukari humohumo birikani, na daftari la madeni. Lile daftari ndilo nguzo ya nyumba. Kibarua alikula mwezi mzima kwa mali kauli, mshahara ukitoka analipa, na mwenye hoteli aliyekosea kumpima mtu aliweza kufunga duka kwa sababu ya wateja watatu waliohamia Tanga.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta mgao wa chakula, serikali ya Tanganyika iligawa pia kwa rangi. Mchele ukahesabiwa chakula cha Wahindi na Waarabu, ngano ya Wazungu, Mwafrika akaandikiwa mahindi. Mzaramo wa Dar es Salaam aliyekula wali tangu babu zake aliambiwa na karani kwamba chakula chake ni sembe. Bei zilipanda kuliko mishahara, na migomo ya bandarini ikafuatana: Dar es Salaam mwaka 1943 na 1947, Mombasa Januari 1947, Unguja 1948. Historia za vyama vya wafanyakazi hueleza madai ya nyongeza kwa shilingi na senti. Mimi nadhani zisomwe sambamba na bei ya sahani ya wali hotelini, kwa kuwa huko ndiko kuli alikoupima mshahara wake kila mchana.

Baada ya Uhuru kizuizi cha rangi kiliondoka milangoni, kikabaki cha bei. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vinu vikubwa vilitaifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Hapo ndipo linapoingia sakata la mkate ambalo sijui kwa nini halisimuliwi zaidi. Mkate wa mjini, boflo na slesi, ulikuwa ukiokwa na viwanda vidogo vyenye matanuri ya matofali. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika lilijenga Dar es Salaam kiwanda cha mkate cha mitambo, kinachotaka vipuri vya nje, umeme usiokatika na ngano safi. Mchumi Andrew Coulson alikichambua kiwanda hicho kama mfano wa mradi unaochaguliwa kwa sababu msaada upo: kwa fedha kidogo kuliko hizo matanuri ya kawaida yangeoka mikate ileile na kuajiri watu wengi zaidi. Nchi iliyokuwa ikihubiri kujitegemea iliagiza mashine ya kupunguza waokaji. Miaka michache baadaye mkate wenyewe ukawa wa foleni.

Na foleni hazikuwa za mkate peke yake. Ukame, bei ya mafuta, vita na Idi Amin vya 1978 na 1979, na sera zenyewe, viliacha maduka matupu. Sukari, sabuni na unga vilitoka kwa mgao. Mahindi ya njano ya msaada yalisagwa, na wananchi, ambao hata njaa haiwanyimi utani wa mpira, wakaubatiza unga huo jina la Yanga kwa rangi za klabu. Mshahara wa karani uliisha kabla ya mwezi kufika katikati. Ndipo mke wa karani alipotoa sufuria nje.

Mama ntilie, au mama lishe, tunayemjua leo alichipuka kwa wingi katika miaka hiyo. Hakuwa tena yule mwanamke mmoja mwenye nyumba Kariakoo. Alikuwa mwalimu aliyemaliza vipindi, mke wa polisi, mjane, binti aliyetoka Singida kumfuata dada yake. Mtaji wake ulikuwa mafiga matatu au jiko la mkaa, sufuria mbili, sahani za bati kumi na ndoo ya maji ya kunawa. Alipika karibu na watu wanaokwenda kazini: lango la kiwanda Barabara ya Pugu, kituo cha daladala, penye jengo linalopanda ghorofa. Aliyakosha maharage usiku, akayabandika alfajiri, na saa sita mchana ugali ulikuwa tayari, mchicha, kipande cha samaki wa kukaanga, pilipili pembeni. Kufikia saa tisa sufuria zilikuwa tupu, na fedha ya siku ile ilikuwa imeshanunua unga wa kesho. Katika nyumba nyingi biashara hiyo ndogo ndiyo iliyolisha familia, na mshahara wa mume ukabaki kuwa wa heshima na kitambulisho.

Serikali ilimtazamaje? Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye afya athibitishe kuwa ana kazi inayotambuliwa. Wauza vyakula, wachuuzi na mafundi viatu walikamatwa pamoja na wazururaji, wengine wakapakiwa malori kurudishwa vijijini. Mtu aliyekuwa akiwalisha wafanyakazi wa viwanda vya umma alihesabiwa kuwa hafanyi kazi. Operesheni hiyo ilichoka yenyewe kwa sababu waliorudishwa walirudi tena, na kwa sababu hata askari aliyewakamata alitaka chakula cha mchana. Baadaye manispaa zikatoa leseni za biashara ndogo, nazo zikaitwa leseni za nguvu kazi, jina lilelile la sheria iliyowawinda. Mwaka 1986, Rais Mwinyi akiwa madarakani, shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yakakubaliwa, na waliopunguzwa kazini wakaenda kuongeza idadi ya majiko barabarani. Wanaume nao wakaingia, na mji ukawa na baba lishe.

Mmoja wa waliotoka kwenye biashara ya sahani alifika mbali kuliko wote. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Unguja, aliacha shule akiwa na miaka 14, akauza viazi vya mchanganyiko, na katikati ya miaka ya 1970 akafungua mgahawa mdogo Dar es Salaam. Kutoka mgahawani akaenda kwenye kuoka, kutoka kuoka kwenye kusaga ngano, mpaka jina la Azam likawa juu ya magunia ya unga katika nchi kadhaa za Afrika. Ukitaka kuona kilele cha safari hiyo usiangalie ghala. Angalia kijana wa baiskeli mwenye kasha la aiskrimu ya Azam mbele, wimbo wake ukilia mtaani saa nane ya jua, na watoto wakitoka na sarafu. Aiskrimu iliyokuwa ya kuketi na kuagiza katikati ya jiji ilifuata watu Manzese na Mbagala. Ni kweli pia kwamba mwenye kinu ndiye anayempangia muuza chapati bei ya unga, lakini hayo ni mazungumzo mengine.

Unguja ilikwenda njia yake. Forodhani, ufukwe wa mbele ya Beit al-Ajaib, ilitengenezwa kuwa bustani miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub. Pakaja kuwa jiko kubwa la usiku: mishkaki, pweza, muwa wa kukamua, mkate wa kumimina, na urojo, ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ndimu ambamo hutiwa bajia, kachori, viazi, chatini ya nazi na chipsi za muhogo. Taasisi ya Aga Khan ya utamaduni iliikarabati bustani na kuifungua upya mwaka 2009, wauzaji wakarudi wamevaa kofia nyeupe kama za wapishi wa Stanley. Watalii humiminika kwenye meza za kamba na ile wanayoiita piza ya Zanzibar. Mtu wa Mkunazini anayetaka urojo hasa huenda kwa bibi wa mtaa wake, alasiri, akiwa na bakuli lake mkononi.

Na kuna sahani zilizovuka bahari. Wahindi wengi walipoondoka Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970 waliichukua bajia ya viazi, viazi vilivyokatwa vyembamba na kuchovywa kwenye unga wa dengu wenye giligilani, ambayo Nairobi ilikuwa imekwisha kuwa chakula cha kila mtu. Huko Wembley, kaskazini-magharibi ya London, mgahawa wa Maru's Bhajia ulifunguliwa mwaka 1976 na familia iliyotoka Kenya. Kwa wakazi wa huko ni chakula cha Kihindi. Kwa Mhindi aliyetoka Gujarat moja kwa moja ni chakula cha Afrika.

Nyumbani, mama lishe wa leo ana hadhi ambayo wa 1983 hakuiota, ingawa haijatulia. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015, aliyezuiwa kwanza ni yeye. Mwishoni mwa 2018 alipewa kitambulisho cha mjasiriamali kwa shilingi 20,000, ambacho Rais Magufuli aliagiza kimkinge na wakusanya ushuru, na mwaka 2021 akahamishwa kutoka pembezoni mwa barabara pamoja na wamachinga wengine hadi maeneo ambayo mara nyingi hayana wapita njia. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ikagawiwa kwa mama lishe kwenye mikutano, mbele ya kamera.

Mtungi wa bure ni mzuri siku ya kwanza. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya fedha iliyopatikana jana, ilhali gesi ikiisha inataka fedha yote kwa mpigo, na sufuria kubwa ya maharage makavu huchukua saa kadhaa jikoni. Wengi wamejipangia wenyewe: gesi ya kuchemshia chai na kukaangia mayai wateja wakiwa na haraka, mkaa wa maharage na makande. Anayetaka waache mkaa ingefaa aanzie kwenye bei ya kujaza mtungi, na kwenye kuuza gesi kwa kipimo kidogo kama mkaa unavyouzwa.